Tochi za kufuatia kulungu usiku: nilizotumia misimu mitano huku Minnesota

Jamani habari zenu. Hii naiandika kwa ajili ya ndugu zetu walioanza kuwinda huku Marekani, maana kila mwaka ikikaribia Novemba napigiwa simu na mtu anauliza "kaka ninunue tochi gani" na mi namjibu nusu saa nzima mpaka chakula kinapoa mezani, sasa nimeona bora niandike yote sehemu moja. Nazungumzia tochi ya kazi moja tu, kumfuata kulungu uliyempiga jioni akakimbilia msituni na giza likaingia. Sio tochi ya kumtafutia mnyama wa kumpiga, hiyo huku ni kosa kubwa na ntaligusa chini. Na nasema kulungu kwa sababu ndivyo tunavyomwita sisi wa hapa, wengine wanasema paa, wengine ayala, mnyama ni yule yule akikimbia anainua mkia mweupe.

Mwenye msimu wake wa kwanza anaweza kusema mi sitawinda usiku tochi ya nini. Sikiliza. Msimu wa bunduki hapa unaanza Jumamosi iliyo karibu na tarehe 6 Novemba, na siku hizo hizo saa zinarudishwa nyuma, kwa hiyo jua linazama saa kumi na dakika hamsini hivi jioni. Sheria inakuruhusu kupiga mpaka nusu saa baada ya jua kuzama, na kulungu naye anapenda kutoka kwenye vichaka dakika hizo hizo za mwisho. Umempiga, amekimbia, hupaswi kushuka kwenye dungu mbiombio kumkimbiza, unasubiri angalau nusu saa alale mwenyewe, maana ukimsukuma mapema anaenda mbali zaidi. Ukishuka chini ni usiku kabisa. Mi katika kulungu saba niliopata, watano niliwafuata na tochi. Kwa hiyo tochi kwangu ni sehemu ya silaha, inakaa pamoja na kisu na kamba.

Msimu wangu wa kwanza nilinunua tochi mtandaoni, imeandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) laki moja, kubwa kama chupa ya soda, ina vioo vitano mbele, kampuni siitaji. Nilimpiga jike saa kumi na moja na dakika tano, nikamwona ameruka juu miguu ya mbele imejikunja, nikajua nimempata vizuri. Nimesubiri, nimeshuka, nimewasha tochi, msitu wote mweupe kama uwanja wa mpira usiku, nikafurahi. Pale aliposimama nikakuta nywele na tone moja kubwa. Baada ya hapo sikuona kitu. Yaani naangalia majani ya mwaloni yaliyoanguka, kila jani lina madoa, kila doa ni la kahawia, nainama naligusa ni kavu, nainama jingine ni kavu, nikazunguka saa nzima na zaidi huku tochi inazidi kufifia na kuchemka mkononi, mpaka nikakaa chini kwenye gogo nikahisi vibaya sana. Mnyama uliyempiga ni deni lako. Sio suala la nyama tu, ingawa nyama nayo ni chakula cha miezi kwa familia, ni kwamba yule yuko mahali pale gizani kwa sababu yako.

Nikampigia simu mzee mwenye shamba, mzungu mmoja wa miaka sabini na kitu ambaye ananiruhusu kuwinda kwake, akaja na trekta dogo na mkononi ameshika karabai. Karabai kabisa ndugu zangu, ile ya kupampu, ya Coleman, ya rangi ya kijani, baba yake aliinunua. Mi nimezaliwa Kigoma, ukoo wetu ni wavuvi wa dagaa, nimekua naona karabai zimepangwa ziwani usiku kama mji unaoelea kabla watu hawajahamia taa za LED na sola, kwa hiyo nilipoisikia ile sauti yake ya shshshsh pale msituni kwenye baridi nilinyamaza kidogo. Tukarudi pale pale nilipopita mara tatu. Na damu ilikuwepo. Nyekundu, imetapakaa kwenye majani, matone makubwa, nyingine iko kwenye shina la mti mdogo usawa wa goti. Nilikuwa nimeikanyaga. Tulimkuta jike wetu kama mita mia na ishirini mbele, amelala kwenye matete.

Kuanzia siku ile nikaacha kuangalia lumeni, nikaanza kuuliza kwa nini taa ya zamani, dhaifu, imeona kitu ambacho tochi kubwa haikuona. Na jibu lipo, sio uchawi.

Damu inaonekana nyekundu kwa sababu inameza mwanga wa bluu na wa kijani na kurudisha ule mwekundu peke yake. Sasa kama taa yako haina mwekundu wa kutosha ndani yake, damu itarudisha nini? Haina cha kurudisha, kwa hiyo inaonekana nyeusi au kahawia, rangi ile ile ya majani makavu. LED nyeupe unazoziona kwenye tochi nyingi kiukweli ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu yake, macho yako yanachanganya yanaona nyeupe, lakini ndani ya huo weupe bluu ni nyingi na nyekundu ni haba, hasa zile tochi za mwanga baridi wa 6500K (hiyo K ni kipimo cha joto la rangi, ikipanda mwanga unaelekea bluu, ikishuka unaelekea njano). Watengenezaji wanazipenda kwa sababu zinatoa lumeni nyingi kwa betri ile ile, na lumeni ndio inauza. Karabai na balbu za zamani za waya zinatoa mwanga wa moto, umejaa nyekundu, ndio maana damu inaruka machoni.

Kipimo chake kinaitwa CRI, mwisho wake ni 100, kinapima taa inaonyesha rangi vizuri kiasi gani ukilinganisha na jua au balbu ya waya. Tochi za kawaida ziko kama 70. Unataka 90 na kuendelea. Ila kuna ujanja hapa ambao watu wengi hawajui, CRI ni wastani wa rangi nane za kufifia-fifia na nyekundu kali haimo kwenye hizo nane, ina namba yake pembeni inaitwa R9. Tochi inaweza kuwa na CRI ya 80 huku R9 yake iko karibu na sifuri kabisa. Kwa hiyo ukikuta muuzaji ameandika R9 na iko juu, huyo anajua anachouza, mpe hela yako.

Sasa niende kwenye tochi zenyewe.

Ile ambayo iko mfukoni mwangu saivi ni Convoy S2+ yenye LED ya Nichia 519A. Convoy ni tochi za Kichina za bei poa, hii haikufika dola 30, ni kabomba kadogo ka chuma kanaingia kwenye kiganja, inatumia betri moja ya kuchaji ya saizi ya 18650. Mwanzo nilidhani ni ya kitoto. Uzuri wake ni kwamba wakati wa kuagiza unachagua mwenyewe LED na joto la rangi, mi nilichukua 4500K maana nilitaka nione majani yalivyo bila kuwa ya njano sana, mdogo wangu alichukua ya chini zaidi, 3000K na kidogo, na tulipozilinganisha juu ya damu ile ile ya kwake ilionyesha damu vizuri kidogo kushinda yangu lakini ardhi nzima inakuwa ya machungwa na macho yanachoka. Mi nabaki na 4500K. Lumeni zake ni mia kadhaa tu na zinatosha, kufuata damu unaangalia mita mbili mbele yako, huangalii ng'ambo ya ziwa. Kuna kitu kingine, mwanga mkali sana ukimulika jani lenye barafu au umande unakurudia usoni, unapofuka. Mara nyingi natumia ngazi ya katikati.

Hao Nichia kwa wasiowajua ni kampuni ya Kijapani, ndiko alikofanya kazi Shuji Nakamura aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2014 na wenzake wawili kwa ajili ya LED ya bluu. Kwa hiyo ukiona mtu anataja Nichia kwenye mambo ya tochi sio mbwembwe.

Ya pili ni ya kichwani, Armytek Wizard C2 Pro, lakini lile toleo la Nichia, msichanganye, kuna toleo la mwanga baridi na toleo la joto na toleo la Nichia na yote yana sura moja, soma maandishi mpaka mwisho kabla ya kubonyeza kununua. Hii ni ghali, nililipa karibu dola 100, na sijutii. Mwanga wake umetapakaa mpana na laini, hauna duara kali la katikati, kwa hiyo unaona mguuni mpaka pembeni kwa pamoja. Kitakoni ina sumaku, nikishampata mnyama naichomoa kwenye mkanda naibandika kwenye bodi ya pikapu nafanya kazi ya kuchuna kwa mikono miwili. Na kutoa matumbo usiku kwa taa inayoonyesha rangi sawasawa ni raha nyingine, unaona ini liko vipi, kibofu kiko wapi, hukati usichotaka kukata. Kitu kimoja tu cha kuzingatia, waya wake wa chaji ni wa sumaku, wa kwake peke yake, sio ule wa simu, kwa hiyo ukienda kambini siku tatu usiusahau nyumbani.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa, taa ya kichwani peke yake haitoshi. Niliamini inatosha, kwa sababu mikono iko huru, mpaka mzee akanionyesha. Taa ikiwa kwenye paji la uso, mwanga unatoka karibu kabisa na macho yako, kwa hiyo kivuli cha kila kitu kinajificha nyuma ya kitu chenyewe, huoni kivuli, na bila kivuli unyayo haupo, ardhi yote inakuwa tambarare kama karatasi. Shusha tochi mkononi mpaka usawa wa paja, au hata chini karibu na kifundo, umulike kwa ubavu, hapo kila kwato inajichora, unaona jani lililogeuzwa tumbo juu, unaona matope yaliyorushwa. Na tone la damu bichi likimulikwa kwa ubavu linameta kama jicho. Kwa hiyo mi natembea na mbili, ya kichwani kwenye ngazi ya chini kabisa ya kuniepusha na matawi, na ya mkononi ndio inafanya kazi.

Huyu mzee, nimwongelee kidogo, haoni nyekundu. Kabisa. Ana lile tatizo la macho la kuchanganya nyekundu na kijani, na sio wachache, kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni karibu 8 kati ya kila 100. Amefuata kulungu kwa zaidi ya miaka hamsini bila kuona rangi ya damu hata siku moja, anafuata mng'ao. Anasema damu mbichi inameta tofauti na maji, ni nzito, haitetemeki. Na ana kachupa ka kupuliza kenye hydrogen peroxide, ile dawa ya vidonda ya dola moja na kitu duka la dawa, akiona doa la mashaka anapuliza, likitoka povu jeupe ni damu, likikaa kimya ni jani tu. Mi nilidhani ni imani yake kumbe ni kitu cha kweli, damu ina kimeng'enya kinachoivunja ile dawa na povu ni oksijeni inatoka. Saivi na mimi natembea nako. Kama na wewe macho yako yanachanganya rangi usitupe hela kwenye CRI kubwa, nunua tochi nzuri ya kumulika kwa ubavu na hiyo dawa.

Tukija kwenye hizi tochi zinazouzwa madukani kama tochi maalum za damu, zenye taa nyekundu na za kijani na za bluu ndani ya kioo kimoja, wanasema damu itang'aa. Nimejaribu mbili, moja yangu moja ya rafiki yangu Mkongo wa Fizi ambaye tunawinda naye, majina siyaweki. Hazing'arishi kitu. Kinachofanyika, kwa nilivyoona, ni kwamba damu inakuwa nyeusi ti na majani yanabaki na rangi ya kupauka, kwa hiyo kuna tofauti, na kwenye majani mabichi ya Septemba au kwenye nyasi tofauti hiyo inasaidia kidogo. Lakini Novemba kwenye majani ya mwaloni yenye madoa meusi ya asili, doa jeusi juu ya doa jeusi, rafiki yangu alikuwa mbele anasema "Kaka, damu iko hapa, iko hapa, iko hapa" tukageuka kushoto mita arobaini tukifuata madoa ya kuvu kwenye majani. Tukarudi tukawasha Convoy tukakuta alienda kulia.

Taa nyekundu tupu ni mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa sababu chini ya mwanga mwekundu kila kitu kinarudisha nyekundu na damu inayeyuka machoni. Ihifadhi kwa alfajiri, ukiwa unatembea kwenda kwenye dungu, hapo ni nzuri sana maana haikuharibii macho yaliyozoea giza na kulungu haoni nyekundu vizuri, macho yake yameumbwa kwa bluu na kijani. Na ile ya UV, ya zambarau, msidanganywe na sinema, damu yenyewe haing'ai chini ya UV, inakuwa nyeusi. Ile bluu inayong'aa kwenye sinema ni dawa inaitwa luminol wanapuliza kwanza, na hiyo haihitaji hata tochi, inahitaji giza.

Tochi ya kurusha mbali nayo ina nafasi yake, nisiwe mkali sana. Ukifika ukingo wa shamba la mahindi lililovunwa na damu imekatika, unamulika upande mpaka upande mara moja, unatafuta tumbo jeupe au macho, macho ya kulungu nyuma yana kitu kama kioo kinarudisha mwanga, unayaona kutoka mbali. Mi kwa hilo natumia tochi ya zamani ya gari. Lakini ukinunua moja tu, usianze na hiyo. Na mkisoma kwenye boksi "inafika mita 400" mjue kile kipimo kinamaanisha pale mwanga umebaki kama wa mbalamwezi, sio kwamba utaona tone la damu mita 400.

Betri sasa, hapa watu wanaumia. Betri ya 18650 maana yake ni milimita 18 unene na 65 urefu, na za kweli nyingi hazizidi kama mAh 3500 (hiyo mAh ni kipimo cha chaji inayobeba). Ukiona imeandikwa 9900 au 12000 weka chini, huo ni uongo wa wazi, na betri ya uongo ya lithiamu sio tu inaisha haraka, inaweza kukulipukia mfukoni. Nunua za kampuni inayojulikana, kwenye duka linalojulikana. Baridi nayo inakula chaji, mwaka juzi nilikuwa nje nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri na tochi iliyokuwa imejaa ikaonyesha nusu. Dawa yake ni rahisi, tochi haikai kwenye begi nje, inakaa mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili, na betri ya akiba pia. Kwa wanaotumia AA za kawaida, zile za alkalini kwenye baridi zinakufa, chukua za lithiamu zisizochajiwa, ni ghali lakini zinavumilia mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri na zinakaa kwenye droo miaka bila kuvuja.

Pia muda wa kuwaka ulioandikwa kwenye boksi usiuamini hivi hivi. Wanapima mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo, na zile lumeni kubwa wanazoandika zinapimwa nusu dakika mpaka dakika mbili baada ya kuwasha, kabla tochi haijachemka ikajipunguza yenyewe. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili tu, inatoa lumeni ngapi baada ya saa moja? Kumfuata kulungu kunaweza kuchukua masaa matatu, unahitaji mwanga ule ule mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu taa ikififia taratibu hugundui, unagundua tu kwamba damu "imeisha".

Na damu yenyewe inakwambia usubiri muda gani kabla ya kumfuata, ndio maana rangi ni kitu muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ya pinki yenye mapovu ni mapafu, huyo hayuko mbali, nenda baada ya nusu saa. Nyekundu nzito iliyoiva ni ini, subiri masaa matatu manne. Ikiwa na ukijani ukijani na harufu ya tumbo, hapo rudi nyumbani, ukale, urudi baada ya masaa nane mpaka kumi na mbili, ukimsukuma usiku huo hutamwona tena. Sasa fikiria una tochi ambayo pinki na nyekundu na ukijani zote inakuonyesha kahawia. Utaamua vipi? Utaenda tu, na utamwinua. Na kusubiri mpaka asubuhi nako si bure, Septemba kwenye msimu wa upinde joto linaharibu nyama na koyoti, wale jamii ya mbwa mwitu wa huku, wanafika kabla yako. Tochi ya rangi nzuri inakupa uamuzi sahihi pale pale ulipoinama, kwenye tone la kwanza.

Sheria, kwa ufupi. Kila jimbo na lake, soma kijitabu cha jimbo lako cha mwaka huu, usisome cha mwaka jana. Majimbo mengi yanakuruhusu kumfuata mnyama aliyejeruhiwa na taa ya mkononi kwa miguu lakini bunduki au upinde usiwe navyo. Mi naacha bunduki ndani ya gari, imefungwa, kabla sijawasha tochi hata ya simu. Kumulika mashamba na msitu ukiwa na silaha huku ni kesi, wanaweza kuchukua silaha, leseni, na kwa sisi ambao wengine bado tuko kwenye makaratasi ya ukaazi sitaki hata kufikiria. Mpigie afisa wa wanyamapori wa eneo lako umwambie unaingia msituni na taa kumfuata kulungu, mi huwa nafanya hivyo na sijawahi kujibiwa vibaya. Na ukivuka kwenda shamba la jirani gonga mlango kwanza, mtu mweusi na tochi saa tatu usiku kwenye ardhi ya mtu usiyemjua, hilo naliongea kwa uzito wote.

Vitu vidogo vinavyoenda na tochi, karatasi ya chooni, unaacha kipande kila penye damu, ukigeuka nyuma ukimulika unaona mstari mweupe unaokuonyesha uelekeo wake, na mvua ikija inayeyuka. Tembea pembeni ya njia ya damu, usiikanyage kama nilivyoikanyaga mimi. Mkiwa wawili mmoja anasimama kwenye tone la mwisho hatoki, mwingine anatafuta linalofuata. Watu watano wenye tochi tano ni hasara, wanavuruga majani yote. Na kama umekwama, Minnesota tangu mwaka 2019 unaruhusiwa kutumia mbwa aliyefungwa kamba kumtafuta kulungu aliyejeruhiwa, kuna watu wana mbwa wazuri sana wa kazi hiyo, na mbwa hahitaji CRI.

Kwa hiyo kwa anayeniuliza ninunue ipi na ana dola 50 tu, Convoy S2+ yenye 519A ya 4500K, betri mbili za maana na chaja yake. Akiwa na zaidi aongeze ile Armytek ya Nichia. Karabai ya Coleman kwa damu peke yake bado hakuna iliyoishinda, niseme ukweli, nimezilinganisha juu ya damu moja usiku mmoja na karabai ilishinda, damu ilikuwa inaonekana hadi pembeni ya jicho. Lakini ni nzito, inapiga kelele, ikigonga mti kile kitambaa chake kinachotoa mwanga kinavunjika, na huwezi kuimulikisha kwa ubavu ukaipeleka unakotaka. Inahitaji uwe na mtu wa pili wa kuibeba.

Jumamosi iliyopita nilienda kwa mzee kumsaidia kupanga kuni, nikamwachia Convoy moja mpya mezani na betri zake. Akaiwasha akaimulika kwa ubavu juu ya meza, akainama kuangalia makombo ya mkate yalivyo na vivuli, akaizima akaiweka mfuko wa shati. Halafu akaniambia karabai iko stoo, nikaichukue niipeleke kwangu, magoti yake hayamruhusu tena kuibeba msituni. Iko hapa kwenye gari, nimeijaza mafuta, nimenunua vitambaa viwili vya akiba, na kesho kutwa ni ufunguzi.